HAIDROJENI NDANI YA CHUMA: KWA NINI BOLTI HUKATIKA USIKU

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana na wa njia ya reli. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.



Halmashauri imetuomba tuseme habari ya vyuma vinavyokatika bila kupigwa wala kugongwa, na sababu ya kuombwa wengi wenu mwaijua. Katika karakana moja bolti nne mpya zilifungwa jioni, zikakazwa kwa spana ya kipimo, mkaguzi akatia sahihi. Asubuhi vichwa viwili vilikuwa sakafuni. Fundi aliyezifunga akaandikiwa barua ya onyo kwamba alikaza kupita kiasi. Hakuna aliyeuliza bolti zile zilitoka wapi, zilioshwa kwa dawa gani, wala kama zilitiwa tanurini. Hatukuja hapa kumtetea fundi kwa sababu ni mwenzetu tu. Twasema kwamba yuko adui asiyefanya kazi yake mbele ya mkaguzi, na mkubwa asiyemjua adui huyo atawaadhibu watu wasio na hatia kila mwaka.

Adui huyo ni hewa iitwayo haidrojeni.

Ni hewa nyepesi kuliko zote. Imo ndani ya maji, imo ndani ya asidi, imo ndani ya mafuta na grisi, na kutu nayo huificha, maana kutu hushika unyevu. Tena chembe yake, yaani atomi, ni ndogo mno. Sisi tukikiona chuma twadhani ni kitu kilichoshikamana kabisa, lakini kwa haidrojeni chuma ni kama ua wa fito: kuku hapiti, kifaranga hupita. Haidrojeni ya kawaida hutembea atomi mbili mbili zilizoshikana, na hivyo haiingii kwa urahisi. Lakini asidi, au umeme wa kupaka zinki, au moto wa kuchomelea, au joto kubwa la mitambo, huzitenganisha, na kila moja ikiwa peke yake hupenya. Ikisha ingia haikai mahali pamoja. Hutembea ndani ya chuma, hata chuma kikiwa baridi, ikitafuta mahali panapovutwa sana. Katika bolti mahali hapo ni chini ya kichwa, na kwenye mikato inayoshika nati. Hapo hukusanyika, na chuma ambacho kingepinda kidogo na kustahimili, sasa hupasuka kama kigae. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimo ndani ya mwili kabisa.

Kwa kuwa yahitaji muda kutembea, bolti haikatiki saa ile ya kukazwa. Hukatika baada ya saa kadhaa, au siku kadhaa. Hilo mlishike, maana ndilo linalomponza fundi.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1875 Mwingereza William Johnson aliwaeleza wanachama wa Royal Society huko London kwamba waya wa chuma ukitiwa katika asidi kwa dakika chache tu hukatika ovyo ukipindwa, na kwamba ukilowesha pale ulipokatika utaona mapovu madogo yakitoka. Mapovu yale ndiyo haidrojeni ikiondoka. Aliona pia kwamba waya ukiachwa muda, hasa mahali pa joto, hupona. Basi ugonjwa na dawa vilionekana pamoja, na bado miaka zaidi ya 100 baadaye mtu anapewa barua ya onyo.

Sasa tuje kwenye reli, maana ndiyo kazi yetu.

Tarehe 25 Agosti 1911, karibu na mji mdogo wa Manchester katika jimbo la New York, Marekani, gari la moshi la kampuni ya Lehigh Valley lilipita juu ya reli iliyovunjika. Mabehewa yaliacha njia, mengine yakaanguka kutoka darajani, na watu 29 wakafa. Wengi wa abiria walikuwa wazee waliopigana katika vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, wakitoka kwenye mkutano wao mjini Rochester. Palipotokea ajali ya namna hii desturi ni kuuliza kwanza dereva alikwenda mbio kiasi gani, na watu wa njia walikuwa wapi. Lakini mtaalamu wa vyuma, James Howard, alivichunguza vipande vya reli vilivyookotwa. Ndani ya kichwa cha reli, mahali ambapo jicho la mtu wa njia halifiki hata akipiga magoti, palikuwa na doa la mviringo lenye kung'aa. Lilikuwa ufa uliozaliwa katikati ya chuma ukakua polepole kuelekea nje, gurudumu baada ya gurudumu, mpaka kilichobaki hakikuweza kuubeba mzigo.

Baada ya hapo yakaja mabishano ya miaka mingi. Wenye reli walisema viwanda vimewauzia chuma kibaya; wenye viwanda walisema injini zimekuwa nzito mno. Mnamo 1928 gari la Elmer Sperry lilianza kupita juu ya njia likitafuta nyufa hizo za ndani kwa umeme, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini kuutafuta ugonjwa si kuuponya. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo dawa ilipopatikana Canada na Marekani. Feleji, yaani chuma kigumu cha kazi, ikiwa bado inatiririka kwa moto hunywa haidrojeni nyingi. Ikiganda na kupoa haiwezi tena kuibeba yote. Ile iliyo karibu na ngozi hutoka; ile iliyo katikati ya kichwa kinene cha reli hunaswa humo, na reli ikipoa haraka, hupasua nyufa ndogo kama nywele. Nyufa hizo ndizo mbegu ya lile doa la mviringo.

Na dawa yake ilikuwa nini? Reli zikiwa bado na moto ziliwekwa ndani ya masanduku makubwa yenye vifuniko, zikaachwa zipoe polepole kwa muda wa saa kumi na zaidi, ili haidrojeni ipate nafasi ya kutoka. Basi. Mchanganyiko wa chuma ulibaki ule ule. Kilichoongezwa ni subira. Tangu njia hiyo ilipoenea, ugonjwa ule ulipungua mno katika reli mpya. Siku hizi viwanda vikubwa huinyonya haidrojeni kutoka katika feleji kabla haijamiminwa, na kanuni ya reli ya nchi za Ulaya hutaka isizidi sehemu 2 na nusu katika milioni. Hebu fikirini: katika tani nzima ya chuma, gramu 2 na nusu za hewa ndizo mpaka kati ya reli njema na reli mbaya.

Mtu atauliza, basi ni chuma gani kinachostahimili? Wengi tulifundishwa kazini kwamba chuma kigumu zaidi ndicho bora zaidi. Kwa haidrojeni mambo hugeuka. Chuma laini kikiingiliwa hunyumbuka na kuvumilia. Chuma kigumu sana hakina pa kunyumbukia. Tazameni vichwa vya bolti mnazopewa stoo. Zimepigwa nambari: 8.8, au 10.9, au 12.9. Nambari ya kwanza ikipanda, nguvu ya bolti imepanda. Bolti ya 8.8 iliyopakwa zinki kwa umeme haina hofu kubwa. Ya 10.9 yataka uangalifu. Ya 12.9 iliyopakwa zinki bila kutiwa tanurini ni ya kuogopwa. Kwa hiyo mtu wa stoo akikosa 8.8 akakupa 12.9 akidhani amekupendelea, huenda amekutilia nyoka mfukoni.

Tanuri tunalolitaja si la kuyeyushia. Ni la joto la kiasi cha digrii 190 hadi 220 za sentigredi. Bolti ngumu ikisha toka kwenye asidi na zinki hutiwa humo upesi, desturi ni ndani ya saa 4, ikae saa nyingi, pengine siku nzima ikiwa ni ngumu sana. Kazi hiyo hula moto na muda, na mwenye kiwanda mwenye haraka huiruka. Kwa macho huwezi kuitofautisha bolti iliyookwa na isiyookwa. Zote zang'aa.

Wala msidhani makosa haya ni ya nchi maskini peke yake. Mjini San Francisco, Marekani, walijenga daraja jipya la kwenda Oakland kwa fedha nyingi sana. Fito za feleji ngumu zenye unene wa inchi 3, zilizopakwa zinki, ziliwekwa katika mashimo yake mwaka 1908? La, tusiharakishe: ni mwaka 2008, juzi tu. Zikakaa humo karibu miaka 5, na maji yakatuama mashimoni. Mwezi wa Machi 2013 fito 96 zilikazwa. Katika muda wa wiki mbili hivi, 32 zilikuwa zimekatika. Maji yale yalikuwa yamezilisha haidrojeni, na chuma chenyewe kilikuwa kigumu kiasi cha kudhurika. Iliwapasa kutengeneza mshiko mwingine wa chuma kuzishika sehemu zile, na daraja lilifunguliwa Septemba mwaka ule ule kabla mshiko huo haujakamilika. Huko hakuna aliyesema mwenye spana alikaza mno. Twataka na hapa iwe hivyo.

Kuna namna ya pili ya haidrojeni kuharibu chuma, nayo ni ya mitambo yenye joto na nguvu kubwa ya hewa. Wenzetu wa viwanda vya mafuta na mbolea waijue zaidi. Chuma cha kazi kina kaboni ndani yake, nayo ndiyo inayokipa nguvu. Kwenye joto kubwa haidrojeni ikiingia huishika kaboni ile, zikafanya hewa nyingine iitwayo methani. Methani ni kubwa, haiwezi kutoka ilikoingia haidrojeni, basi hujikusanya na kukipasua chuma kwa ndani, na chuma chenyewe kimeibiwa kaboni yake kikawa dhaifu. Bomba hupata ugonjwa mara mbili.

Mtu aliyeijua shida hii mapema ni Carl Bosch wa Ujerumani, katika kiwanda cha BASF, walipojaribu kutengeneza amonia ya mbolea. Mabomba yake ya feleji yenye nguvu yalipasuka baada ya kiasi cha saa 80 za kazi. Bosch alikuwa na elimu ya kemia, lakini pia alikuwa amefanya kazi ya mikono ya vyuma, na sisi twadhani mikono ile ndiyo iliyomfikirisha. Mwaka 1911 alitia bomba ndani ya bomba. La ndani lilikuwa la chuma laini kisicho na kaboni ya kuibiwa. La nje lilikuwa la feleji ya nguvu, likatobolewa matundu madogo madogo. Haidrojeni iliyopenya bomba la ndani ilitoka kwa yale matundu kabla haijapata nafasi ya kulila la nje. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kilianza kazi kwa njia hiyo. Twaipenda hadithi hii kwa sababu hakumzuia adui kuingia. Alimwonyesha mlango wa kutokea.

Baadaye ikaja njia bora zaidi, ya kuchanganya metali, au aloi kama wenye elimu waitavyo. Ukitia kromiamu na molibdenamu katika feleji, metali hizi huishika kaboni kwa mkono wa nguvu, na haidrojeni ikija huikuta kaboni imekwisha fungwa. Kadiri joto na nguvu ya hewa vinavyopanda, ndivyo kromiamu inavyotakiwa kuongezwa. Mwaka 1949 George Nelson wa Marekani alichora karatasi yenye mistari kuonyesha aloi gani yafaa kwa joto gani, na karatasi hiyo hutumika katika viwanda vya mafuta duniani pote.

Lakini mstari wa karatasi ni mstari tu. Tarehe 2 Aprili 2010, baada ya saa sita za usiku, mtambo wa kupashia joto ulipasuka katika kiwanda cha mafuta cha Tesoro huko Anacortes, Marekani. Wafanyakazi 7 walikufa. Mtambo ulikuwa wa feleji ya kawaida isiyo na kromiamu, na kwa hesabu za karatasi ulidhaniwa uko upande wa salama. Halmashauri ya serikali iliyochunguza ilikuta kwamba haidrojeni ilikuwa imeupasua kwa ndani miaka mingi, hasa karibu na mahali palipochomelewa ambapo hapakupashwa joto la kutuliza chuma baada ya kazi. Tena mitambo ile ilizoea kuvuja wakati wa kuwashwa, hata uvujaji ukahesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na ndiyo maana watu wengi walikuwa karibu nayo usiku ule. Mwaka 2016 karatasi ilirekebishwa, mstari mpya wa chini ukawekwa kwa viungo vya namna hiyo. Watu saba walikwisha zikwa.

Kwa ufupi tutaje metali nyingine. Feleji isiyoshika kutu, yenye kromiamu na nikeli nyingi, huvumilia vizuri, maana haidrojeni hutembea ndani yake kwa uvivu. Ile iitwayo 316 ndiyo hupendwa kwa mabomba ya hewa hii. Aluminiamu katika haidrojeni kavu haina shida kubwa. Shaba nyekundu ya kawaida ina oksijeni kidogo ndani yake, na ukiipiga moto wenye haidrojeni, hizo mbili huungana zikawa mvuke wa maji, shaba ikapasuka. Wenye kufanya kazi ya mabomba ya shaba kwa moto wa gesi wakumbuke hilo, waombe shaba isiyo na oksijeni. Na katika miaka hii wataalamu wametia katika feleji ngumu punje ndogo mno za vanadiamu au niobiamu zilizoshikana na kaboni, ziwe mitego ya kuinasa haidrojeni isitembee. Mwaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitangaza kwamba wameziona atomi za haidrojeni zimenaswa penye punje za niobiamu. Hiyo ni habari ya kutia moyo, maana huenda siku moja ugumu na uvumilivu vikakaa nyumba moja.

Tumesema haya yote kwa sababu haidrojeni inakuja kwetu kwa wingi kuliko zamani. Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wake wa haidrojeni mwaka 2023, na mbolea imo ndani yake. Ujerumani imekwisha endesha magari ya abiria ya reli kwa haidrojeni tangu 2018. Mabomba hayo yatafungwa na watu kama sisi.

Sasa kazi ya leo. Wachomeleaji, rodi zenu za 7018 zimetengenezwa zisiwe na unyevu. Pakiti ikifunguliwa ikaachwa juu ya meza msimu wa mvua, au Mombasa msimu wowote, zimekwisha kunywa maji, na maji yale katika moto wa kuchomelea ni haidrojeni. Zataka kabati la joto la digrii 120 hadi 150 mpaka saa ya kuzitumia. Msizichanganye na 6013, ambazo zenyewe huhitaji unyevu kidogo, na ukizikausha sana utaziharibu. Tena futeni grisi, rangi na kutu. Reli ina kaboni nyingi, kwa hiyo sharti ipashwe moto kwanza kabla ya kuchomelewa na ipoe polepole. Na ufa wa haidrojeni huonekana baada ya siku moja, mbili, au hata tatu; mkaguzi akipitisha kiungo saa ile ile, amepitisha kitu ambacho bado hakijaamua kuvunjika.

Juu ya bolti, twaomba chama kidai kwamba kila pakiti ya 10.9 na 12.9 iliyopakwa zinki ije na cheti cha kusema imeokwa tanurini, kwa joto gani na muda gani. Na bolti ikikatika, ndugu, kichwa chake kisitupwe! Msikisugue, msikijaribu kukirudisha pale kilipokatika, maana sura ile ndiyo ushahidi. Kifuteni maji, kitiwe mafuta mepesi, kifungwe katika karatasi na kuandikwa tarehe, saa ya kukazwa na saa kilipoonekana kimekatika. Chini ya darubini kali chuma kilichokazwa mno huonyesha kuvutika, na kilichouawa na haidrojeni mara nyingi huonyesha punje za chuma zimeachana wazi wazi. James Howard asingeliona lile doa kama vipande vya reli vingaliuzwa kama chuma chakavu.

Vile vichwa viwili vya bolti tulivyovitaja viliokotwa na mfagiaji, naye akaviweka. Sasa viko kwa Katibu. Halmashauri imeandika barua kutaka vipelekwe mahali pa kupimwa kabla onyo la fundi halijaingizwa katika faili lake, na jibu linangojwa. Wenye bolti nyingine za namna hiyo wazilete ofisini jioni yoyote isipokuwa Jumapili.